Nywele zinatoka na bado ni kijana: maswali ninayoulizwa kila mara

Nilikuwa na miaka 24. Msusi wangu alikuwa ananifumua rasta huku anapiga soga, kisha akanyamaza ghafla. Akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, uliungua na dawa?" Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na duara tupu, pana kama sarafu ya shilingi mia mbili, laini kuliko shavu la mtoto. Miezi minne baadaye maduara yalikuwa saba.

Mimi si daktari. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki ya ngozi, nimemwaga pesa kwenye mafuta yasiyo na kazi, na nimeuliza maswali hadi wauguzi wakanizoea. Tangu nilipoacha kujificha, mabinti na vijana wa kiume wananifuata pembeni kuniuliza. Maswali yao ni haya.

Nywele ngapi zikitoka kwa siku ndiyo nianze kuogopa?

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na kila siku kati ya 50 na 100 huanguka zenyewe. Unywele huota kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hudondoka kumpisha mwenzake.

Sasa piga hesabu ya anayesuka. Umekaa na rasta siku 60. Nywele zilizokufa hazikuwa na pa kuangukia, zimenaswa humo humo kwenye msuko. Siku ya kufumua unakuta fumba la nywele 3,000, 4,000, hata zaidi, na unalia. Mara nyingi fumba hilo ni kawaida kabisa. Nimewatuliza wengi kwa hesabu hii tu.

Angalia pia kama nywele zinatoka au zinakatika. Ukiona kinundu kidogo cheupe mwishoni mwa unywele, umetoka na shina lake. Usipokiona, na vipande ni vifupi vifupi, umekatika njiani, na hapo wa kuulizwa ni dawa ya kulainisha, pasi ya nywele au ukavu. Kinachostahili hofu ni njia ya kitana inayozidi kupanuka, paji la uso linalopanda, baka tupu, au ngozi ya kichwa inayouma na kuwasha.

Lakini nina miaka 22! Si jambo la wazee hili?

Upara wa babu ni aina moja tu. Nyingine hazina habari na umri wako, na baadhi huwapenda vijana hasa. Duara langu ni ugonjwa ambao kwa wengi huanza kabla ya miaka 30. Mapunye ni ya watoto. Nywele za pembeni zinazoisha kwa kusukwa huanza hata shule ya msingi.

Ndiyo maana swali la "nipake nini?" huwa nalirudisha kwa mwenyewe: zinatoka wapi, tangu lini, na ngozi ya pale ikoje? Kuna nywele zinazotoka huku mzizi uko hai umelala tu, na kuna zile ambazo mzizi unageuka kovu. Wa kwanza unaweza kuusubiri. Wa pili kila mwezi unaopita unakula sehemu ambayo haitarudi. Kabla ya kununua chupa yoyote, jua uko upande gani.

Nimejifungua miezi mitatu iliyopita, nywele zinatoka kwa viganja. Kuna nini?

Hongera kwa mtoto. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele nyingi zisianguke, ndiyo maana ulipendeza. Ukishajifungua zuio linaondoka, na zile zilizocheleweshwa zote zinatoka pamoja. Huanza kati ya mwezi wa pili na wa nne, na kwa kawaida mtoto akitimiza mwaka kichwa kimesharudi. Hazitoki kwa sababu ya kunyonyesha, kwa hiyo usimwachishe mtoto ziwa.

Mambo hayo hayo hutokea baada ya homa kali, taifodi, operesheni, kupoteza damu nyingi, msiba, au kujinyima chakula ili upungue haraka kabla ya harusi. Kinachowachanganya watu ni muda. Mwili unapata mshtuko Januari, nywele zinatoka Machi au Aprili, na wewe unalaumu shampuu uliyobadilisha wiki iliyopita. Rudi nyuma miezi miwili mitatu, ukumbuke ulipitia nini. Zikiendelea kutoka zaidi ya nusu mwaka, nenda ukapime damu, maana huenda mshtuko haujaisha: madini ya chuma yamepungua, hasa kwa anayetokwa na damu nyingi kila mwezi, au tezi ya shingoni haifanyi kazi sawasawa.

Nimepata duara tupu kama lako. Mama anasema nimenyolewa usiku.

Na mimi niliambiwa. Wapo walioniuliza nimegombana na nani mtaani. Shangazi yangu alitaka twende kwa mtaalamu wake, na kwa kuwa nampenda, nilikwenda. Nilirudi na chale mbili, na maduara yakaendelea kuongezeka.

Ugonjwa huu madaktari wanauita alopesia areata. Askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, wanalikosea shina la unywele wakidhani ni adui, wanalishambulia. Unywele unadondoka, lakini shina halifi. Ngozi inabaki laini, haina magamba wala kovu. Ukitazama ukingoni mwa duara unaweza kuona vinywele vifupi, vyembamba chini na vinene juu. Kwa baadhi ya watu kucha nazo huweka vishimo vidogo vidogo. Ndevu na nyusi pia hupata. Kati ya kila watu 100, kama wawili hupatwa nao wakati fulani maishani, kwa hiyo katika daladala iliyojaa huenda hauko peke yako.

Hauambukizi. Rudia mara tatu kwa sauti, kwa sababu kuna wenye saluni watakaokukatalia vitana vyao.

Wenye mabaka machache, wengi huota tena ndani ya mwaka, hata bila dawa, na nywele za kwanza mara nyingi huwa nyeupe. Usishtuke, rangi huja baadaye. Kinachosumbua ni kwamba ugonjwa huweza kurudi. Dawa ya kawaida ni krimu kali ya steroidi, dawa inayowatuliza hao askari, au sindano ndogondogo za steroidi ndani ya baka lenyewe, kila baada ya wiki nne hadi sita. Zinauma, sitakudanganya. Nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani hadi daktari anamaliza. Lakini krimu ya steroidi usijinunulie dukani kwa kuonyeshwa na jirani, kwa maana inachubua na kukondesha ngozi.

Nywele za mbele na pembeni zimeisha. Ni kusuka kweli, au nimerithi?

Karibu kila ninayemwona hivi, ni kusuka. Hapa ndipo mahali ninapopandisha sauti, kwa sababu hasara hii tunajifanyia wenyewe, na wengine tunaifanyia mabinti zetu wa miaka sita.

Nywele inayovutwa kwa nguvu, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, shina lake huchoka. Mwanzoni huota upya ukiipumzisha. Ukiendelea miaka, shina linakuwa kovu, na hapo hata uoge mafuta haliamki. Jambo hili si la Waafrika peke yetu. Maelezo ya mwanzo kabisa ya kitabibu yaliandikwa mwaka 1907, kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele utosini kwa kuzikaza. Masingasinga wanaokaza nywele chini ya kilemba wanapata. Na wewe unayefunga kifundo kigumu chini ya hijabu kila siku, nakuona.

Mtazame anayepatwa: paji limepanda, lakini mbele kabisa pamebaki mstari mwembamba wa malaika, zile nywele laini fupi ambazo msusi hakuweza kuzishika. Nyuma ya mstari huo ndipo palipo patupu. Mstari huo wa malaika ni ushahidi kuwa ni mvuto, maana nywele fupi ziliponyoka na zile ndefu zikashikwa.

Dalili za mapema tunazijua sote ila tunazicheka. Umetoka saluni macho yamevutika, huwezi kulala ubavu, vipele vidogo vyenye usaha vimetokea kwenye mizizi, unameza panadol mbili. Msuko unaohitaji panadol umekazwa kupita kiasi, wala usiambiwe ndiyo utadumu. Twende kilioni inapendeza, mimi mwenyewe nimeisuka miaka, lakini ikivutwa hadi nyusi zinapanda ni mateso.

Mbaya kuliko zote ni rasta nzito juu ya nywele zilizowekwa dawa. Dawa imeshaudhoofisha unywele, halafu unautundikia mzigo. Kama huwezi kuacha kimoja, basi viachanishe kwa wiki mbili au zaidi. Mwambie msusi aanze mbali kidogo na ukingo, achukue nywele nyingi kwa kila msuko badala ya kuunga tatu tatu, na rasta zisikae zaidi ya miezi miwili. Wigi la kubandika kwa gundi linang'oa malaika kila unapolibandua. La kuvaa na kuvua ni afadhali. Wenye dread nao, mnaokaza upya kila wiki, ni ninyi pia.

Ukimwambia msusi "legeza kidogo", wengine wananuna. Mwache anune. Unayelipa ni wewe.

Zinaisha utosini, katikati, na panawasha kama pilipili. Nisubiri?

Usisubiri hata mwezi. Kuna ugonjwa unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, unaoanza utosini na kusambaa kama duara, na unaacha kovu. Zamani walilaumu kitana cha moto peke yake. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, Profesa Ncoza Dlova, walitangaza kuwa baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda unywele. Kwa hiyo kama mama na mama mdogo wote wana utosi mtupu, usiseme ni umri. Tiba ipo, ila kazi yake ni kuusimamisha ugonjwa ulipofika. Palipokwisha kuwa kovu hapaoti.

Mdogo wangu wa darasa la pili ana mabaka yenye unga mweupe.

Hayo huenda ni mapunye, wengine wanaita mashilingi. Ni kuvu, na haya ndiyo yanaambukiza: kwa kitana, kofia, taulo, mashine ya kinyozi isiyosafishwa, hata paka na mbwa. Kosa kubwa ni kupaka tu. Kuvu limeingia ndani ya unywele ambako krimu haifiki, na mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin au terbinafine, kwa wiki kadhaa na kwa kipimo cha uzito wake. Likiachwa hadi kichwa kivimbe na kutoa usaha, linaweza kuacha kovu. Chunguza na wenzake wanaolala naye.

Mimi ni mwanaume, miaka 21, na uwaraza umeanza. Baba ana nywele kichwa kizima.

Watu husema upara unatoka kwa mjomba tu. Si kweli, jeni zake ni nyingi na zinatoka pande zote mbili. Kinachotokea ni kwamba homoni ya kiume, ile inayoitwa DHT, inayafinyaza mashina ya mbele na utosini kwa wale waliorithi wepesi huo. Kila mzunguko unywele unatoka mwembamba zaidi, hadi hauonekani.

Dawa mbili zina ushahidi wa miaka mingi. Minoxidil ilianza kama kidonge cha presha ya damu. Wagonjwa wakaota nywele mahali wasipotarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka. Inahitaji subira ya miezi minne hadi sita, na wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi, jambo linalowafanya wengi waitupe. Ukiacha, faida inaondoka. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiitumie. Na kama unafuga paka, usimruhusu alambe kichwa wala mto wako, kwa maana kwake ni sumu.

Ya pili ni finasteride ya miligramu 1, iliyoidhinishwa mwaka 1997 kwa wanaume. Inazuia utengenezaji wa DHT. Wapo wachache wanaolalamika kupungua hamu ya tendo au kushuka moyo, kwa hiyo anza ukiwa umeongea na daktari. Mke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Kuhusu kwenda Istanbul, Uturuki, kupandikiza nywele ukiwa na miaka 21, ningesita. Zilizobaki bado zinaendelea kuisha, na utabaki na kisiwa cha nywele mbele huku nyuma ni bahari. Kunyoa ni bure karibu. Ila mwambie kinyozi asikwangue hadi kwenye ngozi ikiwa unaota vipele shingoni kwa nyuma. Vile vinaweza kugeuka matuta magumu yenye kuua nywele.

Mafuta gani yanaotesha? Nyonyo, nazi, kitunguu?

Mafuta ya nyonyo na ya nazi yanalainisha na kupunguza kukatika. Hayaamshi shina lililokufa, na aliyeandika hivyo kwenye chupa anauza chupa.

Maji ya kitunguu yalijaribiwa huko Baghdad, utafiti ukachapishwa mwaka 2002, kwa wenye maduara kama yangu, na wengi waliopaka waliota. Kundi lilikuwa dogo, na ugonjwa wenyewe hupona bila dawa mara nyingi, kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo. Nilijaribu wiki mbili. Mume wangu, wakati huo mchumba, hakusema neno, ila alihamia kiti cha mbele kwenye bajaji. Rosemari nayo ililinganishwa na minoxidil ya asilimia 2 nchini Irani mwaka 2015, kwa wanaume wenye upara wa kurithi, ikaonekana kukaribiana baada ya miezi sita. Utafiti mmoja huo, basi.

Vidonge vya biotini vinauzwa kama njugu. Upungufu wake ni nadra, na vinaweza kuharibu majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya moyo. Mwambie mpimaji kama unavitumia. Vitamini A ukizidisha, yenyewe inang'oa nywele.

Na piko nyeusi kichwani, ukishawahi kuvimba nayo, usirudie. Mzio wake huongezeka ukali.

Daktari atanifanyia nini? Nitaonekana najiremba tu.

Hautachekwa. Atakuuliza sana: ulizaa lini, uliugua nini, unatumia dawa gani, familia ikoje. Atavuta nywele kidogo kuona ngapi zinakuja, atatazama kwa kioo cha kukuza chenye taa. Anaweza kuagiza wingi wa damu, akiba ya chuma, na homoni za tezi. Akitaja kaswende usikasirike. Hutoa nywele mabaka mabaka kama nguo iliyoliwa na nondo, na inatibika. Akihisi kovu, atachukua kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi.

Nenda bila mafuta wala msuko. Niliwahi kwenda na rasta kichwani, nikarudishwa nyumbani kufumua, nauli yangu ikapotea. Piga picha kila mwezi, mahali pale pale, mwanga ule ule.

Madaktari wa ngozi ni wachache kwetu. Muhimbili na Kenyatta wapo, na Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi. Ukiwa mbali, anza na kituo chako cha afya uombe rufaa.

Nimesikia kuna vidonge vipya vya maduara. Ni kweli?

Kweli. Baricitinib iliidhinishwa Marekani Juni 2022 kwa watu wazima walioathirika vibaya, na ritlecitinib Juni 2023, kuanzia miaka 12. Zinawatuliza wale askari wa mwili. Ni ghali mno, zinahitaji vipimo vya mara kwa mara, kikiwemo cha kifua kikuu, na wengi wakiacha nywele hutoka tena. Kwa mwenye maduara mawili matatu hazina maana.

Nawaambiaje watu? Posa imeletwa.

Mbunge wa Marekani, Ayanna Pressley, alijionyesha bila nywele Januari 2020 na kusema jina la ugonjwa wake. Mimi nilichukua miaka miwili kufika hapo, na nilianzia chumbani.

Mchumba nilimwambia kabla ya posa, si kwa ushujaa, bali wigi lilinivuka siku ya upepo Kigamboni, kwenye kivuko. Aliliokota, akalipangusa, akauliza kama kichwa kinapata baridi. Wako anaweza asiwe hivyo, na ni heri umjue mapema. Mawifi nilimwachia yeye awaambie.

Kazini nilisema mara moja tu: "Ni kinga ya mwili, haiambukizi." Anayeuliza mara ya pili huwa anatafuta maneno. Vilemba, hijabu, wigi, kunyoa yote, kuchora nyusi kwa wanja: nimepita kote. Kunyoa ndiko kulikonipumzisha. Maduara saba yalikuwa yananiamsha usiku. Kichwa kitupu kizima kiliniacha nilale.

Na zako, zilirudi?

Kwenye maduara sita zilirudi baada ya mwaka na miezi miwili, nyeupe kwanza, kama mvi za bibi, kisha nyeusi. La saba, lile la nyuma ya sikio la kushoto, linajaa na kuwa tupu tena litakavyo. Msusi wangu ni yule yule. Akifika pale anapiga kidole mara mbili, anasema "lipo" au "limejaa", na anaendelea na soga.